Rick Griffin

Richard Alden Griffin (anajulikana zaidi kwa jina la Rick Griffin; 18 Juni 1944 – 18 Agosti 1991) alikuwa mchoraji kutoka nchini Marekani. Alipata umaarufu kwa michoro ya mkono aliyoitengeneza kwa ajili ya bendi za muziki wa rock, hasa mabango ya maonyesho ya muziki na majalada ya santuri. Kazi zake zinazojulikana zaidi ni bango la mwaka 1968 lenye jicho linaloruka na jalada la albamu Aoxomoxoa ya bendi ya Grateful Dead, lililotoka mwaka 1969.

Griffin anahesabiwa miongoni mwa wachoraji watano wakuu wa mabango ya San Francisco katika miaka ya 1960. Wengine wanne ni Wes Wilson, Victor Moscoso, Stanley Mouse na Alton Kelley. Kabla ya hapo alikwisha kuwa maarufu kama mchoraji wa katuni za watelezaji wa mawimbi. Baada ya mwaka 1970 alitumia sehemu kubwa ya kipaji chake kuchora habari za Biblia.

Maisha ya awali

Griffin alizaliwa kusini mwa jimbo la California, akakulia katika eneo la Palos Verdes, karibu na Los Angeles na pwani ya Bahari ya Pasifiki. Baba yake alikuwa mhandisi ambaye pia alipenda akiolojia. Alipokuwa mtoto, Griffin alifuatana na baba yake katika safari za kuchimbua mabaki ya kale katika majimbo ya kusini-magharibi mwa Marekani. Huko aliona vyombo na sanaa za Wamarekani asilia, pamoja na miji iliyohamwa ya enzi za wachimba madini na wachunga ng'ombe. Mambo hayo hayakumtoka kichwani. Mafuvu, jangwa, nyoka, mbawakawa na herufi za matangazo ya karne ya 19 vinaonekana katika michoro yake mpaka mwisho wa maisha yake.

Akiwa na umri wa miaka 14 hivi alifundishwa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao na rafiki yake Randy Nauert. Mchezo huo ulikuwa ukipendwa sana na vijana wa California wakati ule. Griffin alizoea kuwachorea wenzake picha za watelezaji kwenye daftari, nguo na mbao. Baadaye Nauert akawa mpigaji wa gitaa la besi katika bendi ya The Challengers, iliyopiga muziki wa vijana wa pwani, na Griffin akaichorea bendi hiyo. Kwa hiyo uhusiano wake na wanamuziki ulianza kwa urafiki wa shuleni, si kwa biashara.

Katuni ya Murphy

Mwaka 1961 John Severson, mwanzilishi wa jarida la Surfer, alianza kuchapisha katuni za Griffin, ambaye bado alikuwa kijana wa shule. Mhusika mkuu wa katuni hizo aliitwa Murphy. Alikuwa mtelezaji mdogo mwenye nywele za rangi ya dhahabu, mchangamfu na mwenye bidii, ambaye mara nyingi mawimbi yalimzidi nguvu. Mwaka 1962 Murphy alitokea kwenye jalada la mbele la jarida hilo.

Katuni hiyo ilimfanya Griffin ajulikane katika pwani yote ya California kabla hajafikisha miaka 20. Pia ilimfundisha nidhamu ya kazi ya kuchapishwa: kuchora kwa wino mweusi ulio wazi, kupanga maneno na picha katika nafasi ndogo, na kukamilisha kazi kwa tarehe iliyowekwa.

Ajali na jicho la kushoto

Alipokuwa na umri wa miaka 19 hivi, Griffin aliacha kazi yake katika jarida la Surfer akiwa na mpango wa kusafiri hadi Australia. Akiwa njiani kuelekea San Francisco kwa kuomba lifti, gari alilopanda lilipata ajali, naye akaumia vibaya sana. Jicho lake la kushoto lilitoka mahali pake, na uso wake ukabaki na makovu ya kudumu. Safari ya Australia iliishia hapo.

Kwa muda alivaa kitambaa cha kufunika jicho, na baadaye akafuga ndevu na nywele ndefu. Kwa mtu ambaye riziki yake ilitegemea macho na mkono, ajali hiyo ingeweza kuwa mwisho wa kazi. Hata hivyo alirudi kwenye meza ya kuchorea. Watu wengi walioandika juu ya sanaa yake wamehusisha ajali hiyo na picha za macho zinazojirudia katika kazi zake za baadaye: macho yenye mabawa, macho yanayowaka moto na macho yanayomtazama mtazamaji.

Baada ya kupona alisoma katika chuo cha sanaa cha Chouinard mjini Los Angeles. Huko alikutana na Ida Pfefferle, ambaye naye alikuwa msanii, na baadaye wakawa mume na mke. Katika kipindi hicho alijiunga pia na kundi la wasanii na wanamuziki lililoitwa Jook Savages, akaingia katika maisha ya vijana waliokuwa wakipinga desturi za wazazi wao. Mwaka 1966 alihudhuria mojawapo ya mikusanyiko ya mwandishi Ken Kesey, ambako watu walitumia dawa ya LSD huku bendi ikipiga muziki. Dawa hiyo ilipigwa marufuku California mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Kuhamia San Francisco

Mwishoni mwa mwaka 1966 Griffin alihamia San Francisco. Mtaa wa Haight-Ashbury mjini humo ulikuwa umeanza kujaa vijana walioitwa mahipi. Bendi nyingi mpya zilikuwa zikipiga katika kumbi mbili kubwa za dansi. Ukumbi wa Avalon uliendeshwa na Chet Helms na kampuni yake ya Family Dog, na ukumbi wa Fillmore uliendeshwa na Bill Graham. Kila onyesho lilihitaji bango, na kwa kuwa maonyesho yalikuwa ya kila wiki, wachoraji walikuwa na kazi bila kupumzika.

Bango la kwanza la Griffin mjini humo lilikuwa la kutangaza maonyesho ya sanaa ya kundi la Jook Savages katika duka liitwalo Psychedelic Shop, kwenye mtaa wa Haight. Waandaaji wa mkutano mkubwa wa vijana ulioitwa Human Be-In waliliona, wakampa kazi ya kuchora bango la mkutano wao. Mkutano huo ulifanyika tarehe 14 Januari 1967 katika bustani ya Golden Gate, ukahudhuriwa na maelfu ya watu. Griffin alimchora Mmarekani asilia aliyepanda farasi, mkononi akiwa ameshika gitaa la umeme. Katika picha moja aliunganisha kumbukumbu za safari zake za utotoni na muziki wa siku zile.

Baada ya hapo Chet Helms alimwita achore mabango ya ukumbi wa Avalon. Mwaka huohuo Griffin, Wilson, Moscoso, Mouse na Kelley walianzisha kampuni ya pamoja ya kuuza mabango iliyoitwa Berkeley Bonaparte. Mwezi Julai 1967 watano hao walifanya maonyesho ya pamoja katika jumba la sanaa la Moore mjini San Francisco. Vitu vilivyokuwa vimebandikwa ukutani na kwenye nguzo za barabarani kama matangazo ya dansi sasa vilitundikwa katika jumba la sanaa.

Mwaka 1967 pia lilianzishwa jarida la muziki la Rolling Stone mjini San Francisco, na toleo lake la kwanza lilitoka mwezi Novemba. Jina la jarida hilo liliandikwa kwa herufi alizochora Griffin. Alikuwa bado hajamaliza kuzirekebisha wakati mhariri Jann Wenner alipozichukua na kuzichapisha. Herufi hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo, lakini umbo lake la msingi bado linatambulika.

Mtindo na namna ya kufanya kazi

Griffin alichora kwa kalamu ya wino na brashi. Mabango ya wakati huo yalichapwa kwa mitambo ya ofseti, na kila rangi ilihitaji bamba lake la kuchapia. Mchoraji hakumpelekea mchapaji picha iliyokwisha kupakwa rangi. Alimpelekea mchoro wa mistari myeusi pamoja na maelekezo ya mahali pa kila rangi, kwa hiyo ilimbidi aone kichwani namna rangi zitakavyokutana kabla hazijachapwa. Griffin aliumudu utaratibu huo vizuri. Alijulikana kwa rangi kali zilizowekwa kando ya mistari myeusi yenye usafi mkubwa.

Jambo la pili lililomtofautisha na wengine ni herufi zake. Alizipinda, akazinenepesha na kuzipa mikia na miali mpaka zikafanana na mizizi, moto au wadudu. Mara nyingine msomaji hujua kwamba kuna neno, lakini hawezi kulisoma mara moja. Kwa kanuni za kawaida za biashara hilo ni kosa, kwa sababu tangazo linatakiwa kusomeka haraka. Wachoraji wa San Francisco walifanya kinyume: mpita njia alilazimika kusimama na kulichunguza bango, na waliozoea kulisoma walijiona kuwa ni watu wa ndani. Mabango yalianza kubanduliwa ukutani na kupelekwa nyumbani kabla siku ya onyesho haijafika.

Griffin alichota pia kutoka katika vitu vya kila siku vilivyodharauliwa na wasomi wa sanaa, kama vile lebo za masanduku ya matunda ya California, vitabu vya katuni na picha za magari yaliyopambwa. Jicho lake linaloruka lilitokana na alama iliyotumiwa kabla yake na Von Dutch, mpambaji mashuhuri wa magari na pikipiki. Griffin aliichukua alama hiyo akaipa sura mpya.

Jicho linaloruka

Bango linalojulikana kuliko yote aliyoyachora lilitengenezwa kwa ajili ya Bill Graham. Lilitangaza maonyesho ya Jimi Hendrix, John Mayall na Albert King katika kumbi za Fillmore na Winterland mwezi Februari 1968. Katikati yake kuna jicho kubwa lenye mabawa na mkia kama wa nyoka. Jicho hilo linapenya katika duara la moto, na kucha zake zimeshika fuvu.

Bango hilo limechapishwa tena na tena, limenakiliwa kwenye fulana na vibandiko, na limekuwa alama ya kipindi kizima cha muziki huo. Nakala za chapa ya kwanza hutafutwa sana na wakusanyaji.

Katuni za Zap

Mwaka 1968 mchora katuni Robert Crumb, aliyevutiwa na mabango ya Griffin na Moscoso, aliwaalika wote wawili wajiunge na jarida lake la katuni, Zap Comix. Walianza katika toleo la 2. Katuni za Griffin humo hazikuwa na hadithi ya kawaida. Picha hufuatana kama ndoto, na mara nyingi maneno ni alama tupu zisizo na maana. Jarida hilo lilikuwa na michoro ya wachoraji wengine iliyoonekana na watu wengi kuwa ya aibu, na katika sehemu fulani za Marekani wauzaji wake walishtakiwa.

Majalada ya santuri

Santuri ndefu ya wakati huo ilikuwa na kipenyo cha inchi 12, yaani sentimita 30 hivi. Jalada lake lilikuwa na nafasi ya kutosha kwa picha kamili, na msikilizaji alikuwa na muda wa kuitazama wakati muziki ukiendelea. Kwa mchoraji wa aina ya Griffin, ambaye picha zake zinahitaji kutazamwa kwa muda mrefu, nafasi hiyo ilifaa sana. Mwaka 1968 alichora jalada la albamu ya kwanza ya bendi ya Quicksilver Messenger Service.

Jalada lake maarufu zaidi ni la Aoxomoxoa, albamu ya bendi ya Grateful Dead iliyotoka Juni 1969. Mchoro wenyewe ulitokana na bango la onyesho la bendi hiyo katika ukumbi wa Avalon mwezi Januari mwaka huo. Juu yake kuna jua linalowaka na chini kuna fuvu na mifupa. Kati yake kuna mayai, mizizi na mimea, hivi kwamba kuzaliwa na kufa vinakaa katika picha moja. Jina la albamu halina maana. Lilibuniwa na Griffin pamoja na Robert Hunter, mtunzi wa mashairi ya bendi, na linasomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia. Herufi za jina la bendi kwenye jalada hilo zimepindwa kwa namna ambayo zinaweza pia kusomeka kama maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba watu wamekula LSD. Mwaka 1991 jarida la Rolling Stone liliweka jalada hilo katika nafasi ya 8 miongoni mwa majalada bora ya wakati wote.

Griffin aliendelea kuichorea Grateful Dead kwa zaidi ya miaka 20. Miongoni mwa majalada yake ni Wake of the Flood (1973), Reckoning (1981) na Without a Net (1990). Jalada la Wake of the Flood linamwonyesha mvunaji aliyebeba mganda, nyuma yake kuna bahari. Upande wa pili kuna kunguru. Ukililinganisha na lile la 1969, mabadiliko ya mchoraji yanaonekana wazi. Mistari imetulia, herufi zinasomeka, na picha inakumbusha habari za mavuno na gharika zilizomo katika Biblia.

Imani ya Kikristo

Mwaka 1970 Griffin aliongoka na kuwa Mkristo. Yeye na familia yake walikuwa wamerudi kusini mwa California, ambako aliishi San Clemente, karibu na bahari. Wakati huo vijana wengi wa pwani hiyo waliokuwa mahipi walikuwa wakijiunga na makanisa mapya, na Griffin akawa mmoja wa wasanii wao wanaojulikana zaidi.

Uamuzi huo uliwashangaza baadhi ya wapenzi wa kazi zake. Mtu aliyechora alama za LSD na kushiriki katika Zap sasa alichora misalaba na maandiko. Hata hivyo Griffin hakuwakimbia marafiki zake wa zamani wala hakuacha kuzichorea bendi za rock. Alifanya kazi pande zote mbili. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha katuni cha watelezaji wa mawimbi, Tales from the Tube, kilichosambazwa pamoja na jarida la Surfer. Pia alichora mabango ya filamu za mchezo huo, likiwemo la filamu Pacific Vibrations ya John Severson, mhariri wake wa zamani.

Kwa upande wa kanisa, alifanya kazi na Maranatha! Music, kampuni iliyotokana na kanisa la Calvary Chapel la Costa Mesa. Aliwachorea wanamuziki wa Kikristo majalada, likiwemo la albamu Sail on Sailor ya bendi ya Mustard Seed Faith, lenye picha ya meli baharini. Kazi yake kubwa zaidi ya upande huo ni picha za Injili ya Yohane, zilizotolewa na Maranatha! mwaka 1980. Ilimchukua muda mrefu, na ndani yake alitumia zaidi rangi za kupaka kuliko mistari ya wino iliyompa jina.

Kifo

Tarehe 15 Agosti 1991 Griffin alikuwa akiendesha pikipiki yake aina ya Harley-Davidson katika mji wa Petaluma, kaskazini mwa San Francisco. Alipokuwa akijaribu kulipita gari dogo la mizigo, gari hilo lilikata ghafla upande wa kushoto. Pikipiki ililigonga, naye akarushwa chini. Hakuwa amevaa kofia ngumu, na aliumia vibaya kichwani. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 18 Agosti 1991, katika hospitali ya Santa Rosa. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Urithi

Mwaka 2007 jumba la sanaa la Laguna, California, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, kuanzia katuni za Murphy hadi michoro ya Biblia. Mwaka 2017 mabango yake yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoonyeshwa katika jumba la de Young mjini San Francisco, katika kuadhimisha miaka 50 ya kiangazi cha 1967. Jumba hilo limo ndani ya bustani ileile ya Golden Gate ambako mkutano wa Human Be-In ulifanyika.

Wachoraji wa mabango ya muziki wa vizazi vilivyofuata wamejifunza kwake mambo mawili hasa: kwamba herufi inaweza kuwa picha, na kwamba bango la onyesho la usiku mmoja linastahili kuchorwa kwa uangalifu uleule wa picha ya kudumu. Murphy anaendelea kukumbukwa na watelezaji wa mawimbi, Injili yake inathaminiwa na Wakristo waliopitia uamsho wa miaka ya 1970, na mafuvu na macho yake yanabaki alama za muziki wa rock. Mara nyingi watu wa makundi hayo matatu hawajui kwamba mchoraji wao ni mmoja.